Tulitazama filme, sasa tuangalie korti: maneno yetu baada ya «Meurtre à Kinshasa»



Tunaanza na kuwashukuru. Jumamosi iliyopita tulikuwa zaidi ya 60 ndani ya parsele ya kamarade mmoja, na viti vilikuwa 22. Kura ilikatika mara mbili. Mara ya kwanza tulingoja. Mara ya pili tulichangishana franka 500, 500, tukanunua esanse ya jenereta, filme ikaendelea. Wengine wanasema vijana wenye diplome bila kazi wanapoteza wakati na mafilme. Ni kweli, wakati tuko nao. Tumepeleka mabarua ya kuomba kazi mpaka tumechoka kuhesabu, hakuna anayejibu. Lakini jioni ile hatukupoteza wakati. Mlibaki mnazungumza mpaka usiku, na kwenye telefone mazungumzo yaliendelea juma nzima.

Leo hatuji kurudilia filme. Tunakuja kujibu mambo mliyosema, moja moja, juu mengine yalitufurahisha na mengine yalituogopesha. Na moja lilitufunga kinywa.

Kwa wale ambao hawakuwepo, tuseme kwa ufupi. 16 Januari 2001, Mzee Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi Kinshasa, ndani ya ofisi yake, Palais de Marbre. Aliyempiga alikuwa mlinzi wake mwenyewe, Rashidi Kasereka, mmoja wa wale kadogo. Rashidi naye aliuawa papo hapo, na maiti haijibu maswali. Kesi ilianza Machi 2002, ndani ya gereza la Makala, mbele ya korti iliyoitwa Cour d'ordre militaire. Washtakiwa walipita 130. Walikuwemo maofisa, askari wadogo, watu wa usalama, raia, hata wanawake ambao waume zao walikuwa wamekimbilia Brazzaville. 7 Januari 2003 hukumu ikasomwa. Karibu watu 30 walipewa kifo, kati yao Kolonel Eddy Kapend, aide de camp wa Mzee, ambaye hakuacha kusema kwamba hana kosa. Zaidi ya 40 waliachiliwa, kisha kukaa buloko muda wote ule bila kosa.

Filme ya Arnaud Zajtman na Marlène Rabaud ilitoka 2011. Swali lake ni moja: na kama waliofungwa sio wao? Inafuata njia nyingine. Inapita kwa hasira ya kadogo wa Kivu kisha komanda wao, Masasu Nindaga, kuuawa mwisho wa mwaka 2000, na inatafuta nyuzi ambazo waliotengeneza filme wanaona zinavuka mpaka. Tukumbuke pia kwamba kisha kifo cha Mzee, Walebanoni 11 walikamatwa Kinshasa wakauawa bila kufikishwa mbele ya korti yoyote.

Sasa tuje kwa maneno yenu.

La kwanza: «Ile ni kazi ya bantu ya Kivu»

Neno hili lilitoka nyuma, karibu na mlango. Wengine walicheka, wengine walipiga makofi. Pale njo kamarade wetu mmoja, aliyezaliwa Bukavu, alisimama. Alisema: «Mie nilizaliwa mwaka 2001. Mzee alipokufa nilikuwa mu tumbo ya mama. Sasa mie njo nilimuua?»

Kimya.

Tunataka kusema wazi, na kama kuna mtu hapa haimpendezi, atusamehe. Mtu mmoja alishika bunduki. Labda wengine walimtuma. Hatujui wangapi, hatujui wapi. Lakini mkoa haushiki bunduki, wala lugha haiwezi kuua rais. Siku tunapoanza kutafuta muuaji kwa kabila au kwa mahali pa kuzaliwa, hatuko tena tunatafuta muuaji, tunatafuta mtu wa kuchukia. Na hapa kwetu Katanga tunajua mambo haya yanaishia wapi. Wazazi wetu waliona 1992 na 1993, waliona majirani wa Kasai wakilala ku gare pamoja na watoto wao wakingoja treni. Hatuna haja ya mtu kutufundisha.

La pili: «Na Mzee, nani anamulilia?»

Neno hili lilitoka kwa papa mmoja, mzee wa Gécamines, na alilisema na machozi. Alisema: «Munaonea huruma bale bantu ya buloko. Mzee alituingilia hapa Lubumbashi, hapa njo alijitangaza prezida. Leo munatengenezea bauaji yake filme.»

Papa, tulikusikia. Uko na haki ya kulia. 17 Mei 1997 Mzee alijitangaza rais akiwa hapa Lubumbashi, na ninyi mliokuwa barabarani siku ile mliona kitu ambacho sisi tunasoma tu. Lakini tukuulize kwa heshima, kama watoto wanavyouliza baba. Kama waliofungwa si wao, ni nani alilipa damu ya Mzee? Hakuna. Kumfunga asiye na kosa ni kumwachia mwenye kosa atembee. Anayetaka haki ya Mzee njo wa kwanza angepaswa kukasirika kama korti ilifanya kazi mbaya. Kumlilia aliyekufa na kuwaonea huruma waliofungwa bure ni kilio kimoja, papa.

La tatu: «Kama hawakuwa na kosa, juu ya nini walikubali grâce?»

Hili lilirudi sana kwenye telefone, na ni swali zuri. Tulipoteza siku mbili tukilijadili, wale waliosoma droit na wale ambao hawakusoma.

Mambo yalipita hivi. Amri ya rais ya 30 Juni 2020 ilitoa msamaha wa adhabu. 8 Januari 2021, Kapend na wenzake zaidi ya 20 walitoka Makala. Walikuwa wamefanya karibu miaka 20. Wengine hawakutoka, walifia ndani. Baadaye Kapend alirudishwa jeshini, akapewa cheo cha jenerali.

Sasa tuelewane. Msamaha unaondoa adhabu, haugusi hukumu. Kwa karatasi, wale watu wangali wauaji wa Mzee. Hakuna korti iliyokaa, ikafungua dosye, ikasema «hawa walifanya» au «hawa hawakufanya, muwaombe radhi». Mlango ulifunguliwa tu, wakaambiwa mwende. Mtu aliyekaa miaka 20 ndani, mlango ukifunguka, atasema hapana? Wewe ungesema hapana?

Na angalieni hasara ni ya nani. Kama hawana kosa, wanatembea na jina la muuaji mpaka kufa. Kama wako na kosa, familia ya Mzee na nchi nzima waliona wauaji wakitoka bila maelezo. Pande zote mbili zimepoteza. Grâce ni huruma ya mkubwa, na mkubwa anaweza kukupa au kukunyima. Haki haiombwi kwa magoti.

La ine: «Sasa tunajua muuaji wa kweli»

Bakamarade, hili njo lilituogopesha. Filme iliisha usiku wa Jumamosi. Jumatatu asubuhi, ndani ya grupu zetu, kulikuwa tayari na wauaji wapya watatu, kila mmoja na picha yake, na mtu ameandika chini: «Huyu njo alipanga.»

Tuseme ukweli. Filme si korti. Waliotengeneza filme wanachagua: hapa tunaweka sauti, hapa tunakata, huyu tunamwonyesha analia, huyu tunamwonyesha ananyamaza. Hatusemi wanadanganya. Tunasema kazi yao ni kuuliza, na waliuliza vizuri. Lakini yule wanayemwonyesha kidole hana avoka ndani ya filme, na hakuna mtu aliyeapa. Ukitoka pale ukisema «kumbe hukumu ya 2003 iko na mashaka», umetazama vizuri. Ukitoka ukisema «sasa namjua muuaji», umefanya sawasawa na ile korti. Umehukumu mara moja, na umekataza rufaa.

Sisi wa muvema hatujui nani alimtuma Rashidi. Tunalisema bila haya. Lakini kuna kitu tunaweza kukijua bila filme, juu kiko kwa maandiko: ile korti ilikuwa korti ya namna gani.

Korti isiyo na mlango wa pili

Cour d'ordre militaire iliundwa mwaka 1997, Mzee mwenyewe akiwa madarakani. Kwanza ilisemwa ni ya kuweka nidhamu kwa askari. Kidogo kidogo ikaanza kuhukumu raia, waandishi wa habari, wapinzani. Na ilikuwa na kitu kimoja kinachopita vingine vyote: hukumu yake haikuwa na rufaa. Ukihukumiwa asubuhi, hakuna korti nyingine ya kukimbilia mchana. Muangalie na hii: korti ambayo Mzee aliunda njo ilishindwa kutupatia ukweli juu ya kifo chake.

Kuna watu wanafikiri rufaa ni mchezo wa maavoka wa kula pesa. Hapana. Rufaa ni kukubali kwamba jaji ni mtu, na mtu anakosea. Mwashi akijenga ukuta, mwingine anakuja na nivo anapima kama umesimama. Tunapima ukuta wa parsele, na maisha ya mtu tusipime?

Ile korti ilifutwa mwaka 2003. Katiba yetu ya 2006 ilijaribu kufunga ile njia. Artikle 21 inasema kila mtu ana haki ya kukata rufaa. Artikle 61 inasema haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haiguswi, hata nchi ikiwa katika hali ya dharura. Artikle 156 inasema korti za kijeshi ni za askari na polisi. Tafuteni ile katiba, iko kwenye telefone zenu, haili mega nyingi.

Hesabu ndogo

Sasa tufanye hesabu pamoja. Hukumu ilitoka 7 Januari 2003. Mwezi uleule watu 15 waliohukumiwa kifo waliuawa Kinshasa. Tangu pale, kwa zaidi ya miaka 20, serikali haikutekeleza hukumu ya kifo. Korti ziliendelea kuitoa, lakini watu walibaki gerezani.

Ni juu ya kule kungoja njo Kapend na wenzake walikuwa hai mwaka 2021. Tusitafute sababu nyingine. Kama wangeuawa juma lile la Januari, filme ingetoka 2011 tuwalilie marehemu. Msamaha wa 2020 ungesainiwa juu ya makaburi.

13 Machi 2024, wizara ya sheria ilituma barua ya kusema kungoja kumeisha, hukumu za kifo zinaweza tena kutekelezwa. Kwa uhaini, ndiyo, na kwa vita. Lakini pia kwa ujambazi wa mjini uliosababisha kifo. Mwanzo wa 2025, vijana zaidi ya 100 walioitwa Kuluna walitolewa Kinshasa wakapelekwa gereza la Angenga, mbali. Wengi wetu tulipiga makofi, juu tumechoka na wezi wa usiku. Hatuwacheki waliopiga makofi. Mtu aliyekatwa panga anataka kitu kifanyike.

Na 30 Septemba 2025, korti kuu ya kijeshi ilimhukumu kifo Joseph Kabila, bila yeye kuwepo. Yeye njo alikuwa rais siku wale wa Makala walipohukumiwa. Sisi hatumtetei. Alitawala miaka 18, na wako vijana waliokufa barabarani wakati wake. Lakini ajifunze kila anayekaa juu leo: korti unayoiacha mbaya kwa ajili ya wengine, siku moja itakungoja wewe.

Neno la tano, lililotufunga kinywa

Jumamosi ile, nyuma kabisa, alikuwa amekaa mama mmoja na kitenge cha kijani. Hakusema kitu usiku mzima. Watu walipoanza kutoka, alitukaribia, akasema polepole: «Na mutoto yangu, nani atakuya kumufanyia filme?»

Wengi wenu mnajua hii habari. Wale ambao hawajui, tuwaambie, juu sisi tumo ndani.

Mwaka jana, mwezi wa sita, mama mmoja muuza mukati aliuawa usiku karibu na reli. Kulipokucha, kijana mmoja wa kartier alikamatwa, alikuwa na damu kwenye shati. Mtu alimpiga picha akiwa amekaa chini, mikono imefungwa nyuma. Ile picha ilifika kwetu, na sisi tuliiweka ndani ya grupu. Chini tuliandika: «Muuaji amepatikana. Haki itendeke haraka.» Ilizunguka mji mzima.

Kuna watu wawili wanasema ile damu ilitokana na kumbeba yule mama, na kwamba kijana yule njo alitafuta watu wa kusaidia. Ni kweli? Hatujui. Njo shida yenyewe: hakuna aliyewauliza. Ni zaidi ya mwaka yuko ndani. Hajaona jaji, hana avoka. Mama yake anauza makala, na kila juma anapeleka bukari gerezani.

Tulilia kwa watu wa Makala ambao hatuwajui, na wa kwetu tulimhukumu kwa picha moja. Hatukumpa hata dakika tano ambazo Cour d'ordre militaire iliwapa wengine.

Kwa hiyo leo, mbele yenu na mbele ya yule mama, tunaomba samahani. Hatusemi mtoto wake hana kosa. Kusema vile kungekuwa kurudilia kosa lilelile kwa upande mwingine. Tunasema hatukuwa na haki ya kuandika lile neno. Na familia ya mama wa mukati, wako na haki ya kujua nani kweli alimwua. Juma hili tuliwatembelea. Binti yake mkubwa alituambia: «Batuletee ule wa kweli. Hatutaki mutu tu.» Tulitoka pale tukiwa tumeinamisha vichwa.

Tunaomba nini, tunafanya nini

Tumeshafuta ile picha, na tumeandika mahali palepale kwamba tulikosea. Yeyote aliyeituma kwingine, tunamwomba afanye vilevile. Leo, si kesho.

Avoka mmoja amekubali kusoma dosye bila malipo. Tunatafuta wa pili. Kama uko na mjomba au dada mwenye kazi ile, mzungumze naye.

Tumeandika barua kwa parke. Inaomba mambo matatu: wale mashahidi wawili wasikilizwe, kijana apelekwe mbele ya jaji, na familia zote mbili zijulishwe siku ya kesi. Hatuombi aachiliwe bila kesi. Tunaomba kesi.

Kwa wakubwa wa nchi tunasema: rudisheni ule mpango wa kutotekeleza kifo, na bunge lifute adhabu ile. Si kwa kuwapenda wauaji. Ni juu korti zetu bado hazina nguvu ya kutokosea, na maiti haipewi grâce. Na ile dosye ya 16 Januari 2001, ifunguliwe tena, mbele ya majaji walio huru, kwa ajili ya Mzee, kwa ajili ya waliotoka, kwa ajili ya waliofia ndani, na kwa ajili ya wale Walebanoni 11 ambao hakuna mtu aliyewaulizia.

Kwenu vijana tunaomba jambo moja tu. Siku picha ya mtu aliyefungwa mikono itafika tena kwenye telefone yako, na itafika, usiitume. Uliza kwanza: amesikilizwa na nani? Kama hakuna jibu, iache pale.

Alhamisi, saa tatu ya asubuhi, tunapeleka ile barua. Tunatembea kwa mguu, bila mawe, bila matusi, kila mtu na kitambulisho chake. Polisi akitusukuma, tunakaa chini. Mama wa kitenge cha kijani amesema atakuwa mbele. Binti wa mama wa mukati amesema anafikiri bado. Tumemwambia hata akichelewa, tutamngoja.